Kabla Hujaweka Meza Barabarani: Mwongozo kwa Anayejiandaa Kuanza Biashara Ndogo Tanga

Mtu akinijia kuniuliza habari za biashara huanza hivi: "Dada, nina laki mbili, nifungue nini?" Nami humrudishia swali: kwenu mnatumia shilingi ngapi kwa siku? Wengine hucheka, wengine hununa kidogo, wakidhani namkwepa mtu nisimpe siri. Siri yenyewe ndiyo hiyo. Katika miaka niliyokaa Ngamiani nikiuza vitumbua, kisha samaki wa kukaanga, kisha vitumbua tena, nimeona meza nyingi zikifa, na chache zilikufa kwa kukosa wateja. Nyingi zililiwa nyumbani. Yangu ya kwanza ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajanunua hata kijiko. Kama umeshafungua, baadhi ya hatua bado zitakufaa, ila itakubidi uzifuate huku jiko linawaka, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Hatua ya 1: Andika matumizi ya nyumba kwa siku thelathini

Nunua daftari la shule, lile la kurasa chache. Kila usiku kabla ya kulala andika kila shilingi iliyotoka: unga, mboga, mafuta ya taa kama unatumia, dumu la maji, umeme, vocha, nauli, hela ya madrasa ya mtoto, elfu moja uliyompa mdogo wako bila kufikiri. Mwezi huo usijibane. Ukijibana utapata hesabu ya mtu mwingine, nawe unataka yako.

Usisahau michango. Huu ni mji wa shughuli, kila anayeishi hapa anajua. Kuna harusi, kisomo, akika, maulidi, msiba, na kila shughuli ina bahasha yake au sare yake. Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, harusi huandamana hadi mtu anachanganya kadi. Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa elfu themanini. Binamu yangu akaolewa, ikaja sare ya kijora na mchango wa kamati, nikajiambia nachukua kwenye hela ya mchele halafu Jumatatu narudisha. Jumatatu ilifika, mie niko kitandani saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa sikuwa na cha kupika. Kijora ninacho hadi leo, kizuri kweli.

Siku ya thelathini jumlisha, gawa kwa thelathini. Tuseme umepata 9,000 kwa siku. Sasa toa pesa inayoingia kwa njia nyingine, iwe ya mume, ya kibarua, au anayotuma kaka aliyeko Dar es Salaam. Tuseme ni 6,000. Pengo ni 3,000. Hiyo 3,000 ndiyo nyumba itakayoidai meza yako kila siku, upende usipende. Meza isipoweza kuitoa kwenye faida, itaitoa kwenye mtaji, na hakuna atakayekuambia siku ilipoanza kufanya hivyo.

Iandike namba hiyo ndani ya jalada la daftari. Tutairudia.

Hatua ya 2: Upime mwili wako na saa

Hapa sitakaa sana. Kila biashara ndogo ina saa yake ya mateso. Vitumbua: mchele unalowekwa jioni, unasagwa, unaumuka, na wewe uko mbele ya moto saa kumi usiku ili saa kumi na mbili mteja wa kwanza akute vya moto. Samaki: uwe Deep Sea, wanakoshusha wavuvi, vyombo vya baharini vinaporudi, kwa sababu ukichelewa unanunua kwa mchuuzi aliyekutangulia na faida yako imeshaingia mfukoni mwake. Mboga: uwe sokoni mizigo inaposhushwa.

Basi wiki mbili kabla ya lolote, amka saa hiyo. Usiwe na kazi ya kufanya, amka tu, kaa, swali kama ni wa kuswali, fagia uwanja. Uone kama mtoto mchanga anakuruhusu, kama kifua kinastahimili moshi, kama magoti yanakubali kigoda kwa saa nne. Ukishindwa siku sita kati ya kumi na nne, tafuta biashara ya mchana. Si aibu. Kuna watu wanauza barafu na ubuyu kuanzia saa nne asubuhi na wanasomesha.

Hatua ya 3: Tembea, na uwe na maharage mfukoni

Chagua sehemu mbili au tatu unazozifikiria. Nenda kila moja mara tatu kwa siku moja: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana, saa moja usiku. Rudia siku ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ya Tanga haifanani na siku nyingine; saa sita mchana watu wanaelekea msikitini na baada ya hapo wanaelekea kwenye pilau. Weka maharage mfuko wa kulia. Kila unapomwona mtu amenunua kitu kinachofanana na chako, hamisha punje moja mfuko wa kushoto. Wanaopita usiwahesabu. Wapita njia wamewadanganya wengi.

Chukua stendi ya Kange. Watu ni wengi, kelele nyingi, unadhani hapa nitauza hadi kikaango kiyeyuke. Lakini msafiri ananunua anachoweza kubeba au kula dirishani: maji, machungwa, korosho, karanga. Na kesho harudi. Kila asubuhi unaanza na watu wasiokujua. Kuna wanaoiweza Kange, lakini ni watu wa miguu myepesi na sauti kubwa, na mie sina vyote viwili.

Soko kama la Mgandini lina wateja waliokuja na nia ya kununua, ambao ni wateja bora kuliko wote. Shida ni kwamba jirani yako anauza kitu hicho hicho, na mboga za Lushoto zikijaa, karoti na kabichi hushuka bei mbele ya macho yako huku wewe umenunua kwa bei ya jana.

Barabara za Ngamiani, zile tunazoziita kwa namba, zina watu wachache kuliko stendi, lakini ni wale wale kila asubuhi. Mwalimu, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, bibi anayetuma mjukuu na sahani. Kwa kitafunwa cha asubuhi, mimi ningechagua hapo hata kama mfuko wa kushoto una punje chache kidogo.

Usisahau baiskeli. Mji wetu ni tambarare na watu wake wamezoea kuendesha. Mwenye baiskeli na tenga nyuma anaweza kuuza samaki Makorora asubuhi, akawa Chumbageni kabla ya adhuhuri, na halipi kodi ya fremu. Kabla hujafikiria chumba, fikiria magurudumu mawili.

Wengine wananiuliza habari za Chongoleani, kule linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Penye ujenzi pana vibarua, na kibarua anakula. Kweli. Lakini wajenzi huondoka ujenzi ukiisha, nao waendesha mitambo wanaobaki si wengi. Ukienda huko, nenda na vyombo unavyoweza kuvipakia kwenye bajaji ukarudi navyo. Usijenge banda la tofali kwa kutegemea mshahara wa mtu ambaye mkataba wake huujui.

Ukimaliza kutembea, chora kalenda. Visanduku kumi na viwili kwenye ukurasa mmoja, na ndani ya kila kimoja andika kinachoigusa bidhaa yako:

Masika, Machi hadi Mei: juisi na barafu zinalala, mkaa unakuja umelowa na bei iko juu, na mwavuli wa meza unatafuta kuruka.

Upepo wa kusi ukikaza, katikati ya mwaka: bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki wanapungua na bei inapanda. Wa dagaa naye aangalie mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikitawala, taa haiwavuti na tenga linarudi jepesi. Kama hujui bamvua na maji mafu, kaa na mvuvi mzee jioni moja kabla hujanunua kikaango.

Machungwa ya Muheza yakishuka kwa wingi, hakuna anayenunua tunda lingine, na bei ya chungwa lenyewe haitoshi nauli. Msimu ukiisha, mwenye machungwa machache ndiye anayecheka.

Ramadhani huwahi kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo haina mwezi wake wa kudumu kwenye kalenda ya ukutani. Kwa muuza kitafunwa cha asubuhi, meza inahama: unalala asubuhi, unapika alasiri, unauza kuelekea magharibi. Na wanunuzi huwa wengi kuliko siku za kawaida. Mwaka wangu wa pili sikujua hilo, nikafunga mwezi mzima nikidhani biashara imekufa, huku jirani yangu akiuza kaimati na vitumbua hadi sufuria inasuguliwa.

Shule zikifunga, katikati ya mwaka na Desemba, wauza bagia wa getini wanabaki na nzi. Januari mifuko ya wazazi iko kwenye ada, sare na madaftari. Usifungue Januari kama una hiari.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kitu kimoja hadi ukose usingizi

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu. Chukua bidhaa moja tu. Nitatumia vitumbua kwa kuwa ndivyo ninavyovijua. Bei ni za mfano, weka za sokoni kwako siku unayosoma.

Mchele kilo 2 kwa 2,500: 5,000
Nazi 3: 3,000
Sukari: 1,500
Hamira na hiliki: 1,000
Mafuta: 2,000
Mkaa: 2,000
Maji na karatasi za kufungia: 500
Jumla: 15,000

Kilo mbili, kwa chuma changu, zinatoa vitumbua kama mia. Kimoja 200, mia ni 20,000. Faida 5,000. Mtu anapiga makofi, anafunga daftari. Usifunge.

Vitumbua mia havijawahi kuuzwa mia. Viwili vimeungua, vitatu watoto wamekula kabla ya kwenda shule, kimoja umempa mzee wa jirani kwa kuwa hukuweza kumpita, vinne vimebaki hadi saa tano na vimekauka. Kumi hao. Sasa umeuza tisini: 18,000. Faida ni 3,000. Angalia vizuri: kumi katika mia ni vichache, lakini vimeondoka na 2,000 kati ya 5,000 yako. Kinachopotea hakitoki kwenye mauzo, kinatoka kwenye faida peke yake, na faida ni nyembamba.

Bado. Chuma cha vitumbua, jiko, ndoo, hotpoti, meza na mwavuli, tuseme vimekugharimu 90,000 na vitachoka ndani ya mwaka mmoja. Ukifanya kazi siku 300, kila siku vinakudai 300. Iweke pembeni, la sivyo mwakani utaomba mchango wa kununua chuma. Umebaki na 2,700.

Rudi kwenye jalada la daftari. Nyumba inadai 3,000. Meza inatoa 2,700. Kila siku unakula 300 ya mtaji, bila kelele, na hiyo ni siku ambayo hakuna mgonjwa wala mgeni. Mchele ukipanda 500 kwa kilo, faida inashuka hadi 1,700 na sasa unakula 1,300.

Je, upandishe bei? Kutoka 200 hadi 250 inaonekana ndogo, lakini asubuhi ile, na mtu ana haraka, chenji ya hamsini utaitoa wapi? Upunguze ukubwa? Wateja wa mtaani wanakijua kitumbua chako kama wanavyoujua uso wako. Kuna njia tatu zinazobaki. Ya kwanza, upunguze pengo la nyumbani: vocha, soda, sare. Ya pili, uongeze kitu kinachouzwa na kitumbua bila kuongeza moto mwingi, kama chai ya tangawizi. Ya tatu, upike kilo nne badala ya mbili: gharama kama 30,000, vitumbua 200, toa ishirini vya hasara, unauza 180 kwa 36,000, faida 6,000, toa 300 ya vyombo, 5,700. Hapo nyumba inakula 3,000 na meza inabaki na 2,700 ya kukua.

Lakini je, mtaa wako unanunua 180? Hesabu maharage ya mfuko wa kushoto. Kama muuza vitumbua aliyepo pale anauza kwa watu thelathini, na kila mmoja anachukua vitatu, huyo anauza tisini, na yupo kabla yako.

Ukiona hesabu inakukatisha tamaa, imekuokoa laki mbili. Jaribu na bidhaa nyingine, hesabu ileile.

Hatua ya 5: Jaribu siku kumi na nne kwa vyombo vya kuazima

Azima chuma kwa shangazi, azima jiko. Usichapishe bango, usitafute jina la biashara, usipige picha za kuweka kwenye simu. Pika kilo mbili, weka kwenye ndoo safi yenye kifuniko, tembeza au kaa barazani kwenu. Kila siku andika vitu vinne: vilivyopikwa, vilivyouzwa, vilivyobaki, pesa iliyoko mkononi. Kama namba ya nne haikubaliani na ya pili, tafuta sababu usiku huohuo, kesho hutakumbuka.

Kuhusu ladha, usimuulize anayekupenda. Shangazi yako atasema vitamu hata vikiwa na mchanga. Angalia nani amerudi. Mtu aliyenunua viwili Jumatatu na akanunua vinne Jumatano amekupa jibu lote.

Ukiwa unabaki na zaidi ya kumi na tano kwa siku tano mfululizo, kuna kitu: saa, mahali au mkono wako. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokuponya.

Hatua ya 6: Zungumza na watu wako kabla hawajazungumza nawe

Hakuna kitu kinachoitafuna meza kama wema. Siku ya kwanza atakuja mtu unayemheshimu atasema, "Mwanangu niandikie, nitakupa mwisho wa mwezi." Kama hujalitayarisha jibu, utaandika. Kisha atakuja na jirani yake. Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi wa hapa tunataniwa kwamba matanga tumeyaweka hadi kwenye jina la mji.

Amua mapema. Mimi nina majina matatu tu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kila mmoja ana kikomo cha 2,000, na hawezi kuchukua tena hadi alipe. Wengine wote wana jibu moja, nalisema kwa upole na kwa sauti ya chini ili asiaibike mbele za watu: "Nisamehe baba, meza bado changa, hela ya mchele wa kesho ndiyo hii." Mtu mzima anaelewa. Asiyeelewa alikuwa deni tayari.

Nyumbani nako. Kaeni chini, wewe na mume au mke, au mama kama unaishi kwenu, mfungue daftari mbele yao. Mkubaliane: meza inamlipa mwenye meza kiasi fulani, siku fulani. Mimi hujilipa Ijumaa jioni. Siku nyingine kopo la biashara haliguswi, hata kama chumvi imeisha. Watoto nao waambiwe: kila mmoja ana kitumbua kimoja asubuhi, na kimoja hicho kinaandikwa kama kimeuzwa, kikilipwa na kopo la nyumba. Utaonekana bahili kwa wiki mbili, halafu watazoea.

Pesa ya simu inataka ukuta wake. Tumia laini tofauti kwa malipo ya wateja. Nikiwa na laini moja, mauzo ya asubuhi yalikuwa yanayeyuka mchana kwa kifurushi, kwa kumtumia mtu, kwa mkopo wa simu uliojikata wenyewe, na jioni nilikuwa nakuta kitu kisichotosha nazi mbili.

Hatua ya 7: Mtaji utoke wapi

Kwanza, akiba yako mwenyewe. Ukiweza kuweka elfu moja kwa siku kwa miezi mitatu huku ukifuata hatua hizi, umepata 90,000, na umejifunza kitu ambacho mkopo haufundishi.

Pili, kikoba au mchezo wa mtaani, kwa sharti kwamba marejesho yake yasizidi ile faida uliyoipiga hatua ya 4. Upatu wa kupokea elfu hamsini ni mzuri. Upatu wa kutoa elfu tano kila siku kwa meza inayotoa 2,700 ni kaburi.

Tatu, halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Hutolewa zaidi kwa vikundi vilivyosajiliwa, na wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Chagua wenzako wa kikundi kama unavyochagua wakwe, kwa kuwa mwenzako asipolipa, kikundi kizima kinadaiwa.

Mikopo ya mlango wa pili, tunayoiita kausha damu, ambapo unachukua laki leo na kesho asubuhi mtu amesimama mezani anataka rejesho la siku, usiitumie kuanzia biashara. Biashara mpya ina siku za kuuza vitumbua arobaini kati ya mia, na yule mtu hana siku hizo kwenye daftari lake. Nimeona jokofu likibebwa na mwenye nalo amesimama mlangoni, mkono kichwani.

Hatua ya 8: Karatasi

Watu wanaziogopa kuliko inavyostahili. Anza na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, maana bila hiyo mengine hayaendi. Kisha TIN, namba ya mlipakodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato, ambayo hutolewa bure. Anayekutoza hela ya "kukusaidia" umlipe kwa muda wake tu kama umependa, namba yenyewe haina bei.

Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Kwa ajili ya watu wa kiwango hicho ndiyo maana vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000. Lakini hesabu tena: meza ya 18,000 kwa siku, siku 300, ni 5,400,000. Umeshapita. Hapo daftari linaanza kulipa mshahara wake. Kwa viwango nilivyovifuata mimi, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa 5,400,000, hiyo ni 42,000. Umeokoa elfu hamsini na nane kwa kuandika kila usiku. Viwango hupitiwa katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka, inayoanza Julai, kwa hiyo waulize TRA vya mwaka wako.

Leseni ya biashara ndogo hutoka halmashauri; mwone afisa biashara wa Jiji kabla hujalipia mahali, akuambie kama pale panaruhusiwa. Wa chakula apimwe afya yeye na msaidizi wake na aweke cheti karibu. Mabwana afya huja bila kupiga hodi. Mwenyekiti wa mtaa pia umpitie, kwa salamu tu. Anayefikiria kusindika, labda pilipili ya chupa au jemu ya machungwa, aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo na aulizie masharti ya TBS, shirika la viwango, kabla hajachapisha lebo.

Kama unachukua fremu, soma hili mara mbili. Mpangaji wa chumba cha biashara hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi wanataka pango lao kamili mkononi. Usipolizungumza kabla ya kusaini, utailipa wewe juu ya pango. Na ukidaiwa miezi sita mbele, uliza kama watapokea mitatu. Fremu yangu ya samaki niliilipia miezi sita, nikagundua mwezi wa pili kwamba kusi halijali mkataba.

Hatua ya 9: Siku tatu za mwisho

Siku ya tatu kabla: nunua mkaa na mafuta ya wiki nzima, nazi za siku mbili tu. Jaribu chuma, chuma kipya hugandisha, kipakae mafuta na ukichome mara tatu nne kabla ya kukipa unga.

Siku ya pili: pita kwa yule muuza vitumbua aliyepo. Msalimie, mwambie unaanza barabara ya pili yake. Atajua tu, afadhali ajue kwako. Mimi yule jirani niliyemwonea wivu ndiye aliyeniazima sukari siku mzigo wangu ulipochelewa.

Siku ya mwisho: tafuta chenji. Sarafu za 100, 200 na 500, noti za 1,000, za kama elfu kumi. Wateja watano wa kwanza watakuja na noti za elfu kumi wote, sijui wanapatana wapi. Kata karatasi za kufungia. Weka kopo mbili, moja ya biashara na moja ya nyumba, ziwe za rangi tofauti. Fungua ukurasa mpya wa daftari, andika tarehe.

Kisha loweka mchele. Hata kama hesabu ilisema kilo nne, kesho loweka mbili.